Mchezo Bila Kanuni ni Ugomvi, Kanuni Tupu ni Hesabu

Watazameni watoto wakicheza vita uani. Mmoja aelekeza kijiti na kusema, "Nimekupiga, umekufa!" Mwenziwe ajibu, "Hukunipiga, niliinama!" Hapo mchezo wageuka ugomvi, na mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye. Si kwamba watoto hao hawakuutia moyo mchezo wao. Walikuwa wamezama hasa. Walichokosa ni kanuni.

Ugomvi huo huo wamo nao watu wazima. Kuna mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani, na kwa zaidi ya miaka hamsini wachezaji wake hawajaafikiana: je, kanuni zaua utamu wa hadithi, au ndizo ziutiazo?

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni mwongozaji. Yeye husimulia nchi ya kubuni, njia zake na maadui wake. Kila mmoja wa waliobaki hujivika mtu mmoja wa ngano hiyo, akasema kwa kinywa chake na kuamua atendalo. Likitokea jambo la mashaka, kama vile kuruka shimo au kupigana na jitu, dadu hutupwa, na tarakimu ikaamua. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974.

Lakini mabishano yenyewe ni makongwe zaidi. Mwaka 1824, huko Prussia, ofisa wa jeshi aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa, uliochezwa juu ya ramani kwa dadu na majedwali ya hesabu. Majedwali hayo yaliwachosha watu. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, akashauri yawekwe kando, na msimamizi mwenye ujuzi wa vita aamue mwenyewe. Mchezo ukawa mwepesi; lakini sasa kila kitu kilitegemea akili na uadilifu wa mtu mmoja.

Hapo ndipo penye fundo. Wapendao kuzama katika hadithi husema hivi: umo ndani ya pango lenye giza, moyo wadunda, mara waambiwa ufungue kitabu, ujumlishe hiki na kutoa kile, pango lote latoweka. Nami nawaunga mkono. Pigo moja la upanga halistahili robo saa ya hesabu.

Ila wakisema kanuni zote zitupwe, siwafuati. Mchezo wa maneno matupu ni mchezo wa wasemaji. Mwenye ulimi mtamu atafunguliwa kila mlango, na mnyamavu, hata akijivika shujaa gani, atabaki nyuma. Kanuni ndiyo impayo mnyamavu haki yake: ikiwa imeandikwa kwamba mtu wake ni hodari wa kushawishi, basi na ahesabiwe hivyo, ingawa mwenyewe ana haya. Tena kanuni humzuia mwongozaji asiwe kadhi asiye na sheria, akawapendelea swahiba zake. Na hakuna awezaye kuzama katika hadithi hali moyoni ashuku kwamba aonewa.

Kwa hiyo swali si kanuni ni ngapi, bali ni kazi gani zifanyazo. Tazama Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha uliotungwa na Sandy Petersen mwaka 1981. Humo kila mtu wa hadithi ana kiasi cha akili timamu kilichoandikwa kwa tarakimu, nacho huweza kupungua kila aonapo jambo la kuogofya. Mchezaji aonapo tarakimu ile yashuka, huogopa kufungua mlango wa mbele, sawasawa na mtu wake aogopavyo. Hesabu hapo imemwingiza ndani ya hadithi, haikumtoa.

Mfano wa pili una jina tulijualo. Jenga, ule mnara wa vipande 54 vya mbao, ulitolewa London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyekulia Afrika ya Mashariki na kuupa mchezo wake jina la Kiswahili. Baadaye mchezo wa hadithi uitwao Dread uliutumia mnara huo mahali pa dadu. Mchezaji atakaye kutenda jambo la hatari huchomoa kipande. Mnara ukianguka, mtu wake ametoka hadithini. Hakuna jedwali. Mkono watetemeka wenyewe, na hofu ni ya kweli. Na kwa msomaji ambaye dadu yamtia wasiwasi wa dini, hukumu hiyo ni ya mashehe, si yangu. Mimi nasema tu kwamba dadu si sharti la mchezo huu.

Sisi wa pwani tusilione jambo hili geni. Mwaka ule ule wa 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na malumbano yakawaka. Lakini ajuaye kutunga hahesabu mizani kumi na sita kwa vidole. Imekwisha kuingia sikioni, nayo humfanya msikilizaji akingoje kina. Mwanafunzi ndiye ahesabuye, na shairi lake lasikika kama hesabu. Kanuni ya mchezo nayo ni hivyo: iliyo njema ni ile ambayo mkono umeizoea hata ukaisahau.

Rai yangu ni kwamba mwongozaji aipime kila kanuni. Ikimfanya mchezaji amfikirie mtu wake, ibaki. Ikimfanya afikirie kitabu tu, ikatwe. Lakini asiikate peke yake katikati ya mchezo, wakati mmoja yuko karibu kushinda. Aikate mbele ya wote, kabla ya kuanza. Hata wale watoto wa uani, lau wangalipatana mapema ni nani afaye na vipi, wangalicheza hadi magharibi bila ya mmoja kurudi nyumbani akilia.