Mitambo ya Mirihi
Kila Februari mashabiki wa tamasha la anime la Katsucon hufurika hoteli ya Gaylord National, kando ya Oxon Hill, na deraya walizojiundia wenyewe. Wale ndio wa kuulizwa: nani alipatia mitambo ya vita ya wavamizi wa Mirihi aliowabuni H. G. Wells katika riwaya yake The War of the Worlds? Warwick Goble, mwaka 1897, aliichora migumu, isiyojikunja. Wells akaikosoa michoro hiyo ndani ya kitabu chenyewe, 1898. Katika filamu ya 1953 iliyotokana na riwaya hiyo, Albert Nozaki aliifanya ielee kama samaki taa, shingo juu. Inapendeza, lakini haiogofyi. Kura yangu ni ya Mbrazili Alvim Corrêa, 1906: miguu mirefu, macho ya duara yanayotafuta watu. Mtambo wake unawinda. Wachoraji chipukizi, anzeni kwake.