Nani Atavilipia Visima Vikikauka?

Kisima cha mafuta hakijifungi chenyewe.

Kinazibwa kwa saruji, au kinavuja. Kisipozibwa, mabomba yaliyoshushwa ardhini hushika kutu. Gesi ya methani hupanda. Maji ya chumvi yenye mafuta hupenya hadi kwenye maji ya kunywa.

Kuziba ni gharama. Nani analipa?

Nchini Marekani, kampuni inayochimba kwenye ardhi ya serikali kuu iliruhusiwa kuweka dhamana ya dola 10,000 kwa kitalu kizima. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1960. Mwaka 2019 wakaguzi wa Bunge walipiga hesabu: dhamana iliyokuwapo ilikuwa wastani wa dola 2,122 kwa kisima. Kukiziba na kurudisha ardhi katika hali yake ni dola 20,000 kikiwa rahisi, 145,000 kikiwa kigumu.

Tofauti hiyo inalipwa na mwananchi.

Mchezo wenyewe ni huu. Kampuni kubwa inachimba na kuvuna. Mafuta yakipungua, inauza visima kwa kampuni ndogo. Ndogo inauza kwa ndogo zaidi. Ya mwisho inafilisika. Ukimtafuta mwenye kisima, humpati. Mwaka 2021 Marekani ilitenga dola bilioni 4.7 za umma kwa ajili ya visima visivyo na mwenyewe. Dhamana ya kitalu ilipandishwa hadi dola 150,000 mwaka 2024, baada ya miaka 64.

Sasa tazameni Ziwa Albert.

Mradi wa Tilenga, Uganda, umepangiwa visima zaidi ya 400. Vingine vimo ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Bomba la kilomita 1,443 ni la kuyaleta mafuta hayo Chongoleani, Tanga. Sheria ya Uganda ya mwaka 2013 inadai mfuko wa kufunga visima, na hilo ni jema. Lakini michango huanza nusu ya mafuta ikishatolewa, au ikibaki miaka mitano leseni iishe, au kampuni ikitoa taarifa ya kuirudisha.

Nusu ikishatolewa! Faida imeshaondoka. Bei ikianguka kabla ya hapo, mfuko ni mtupu.

Na hisa za vitalu huuzwa. Mwaka 2020 kampuni ya mafuta ya Tullow iliiuzia kampuni ya Total hisa zake zote za Uganda. Safari ile mnunuzi alikuwa mkubwa kuliko muuzaji. Mafuta yakikaribia kwisha, atakayekuja kununua atakuwa mdogo.

Michango ianze na pipa la kwanza. Dhamana ihesabiwe kwa kila kisima, kwa gharama halisi, na wahandisi wasiolipwa na kampuni. Anayeuza hisa abaki na deni la kufunga visima iwapo mnunuzi atashindwa. Salio la mfuko litangazwe kila mwaka, wavuvi na wakulima wa Buliisa, kando ya Ziwa Albert, walisome.

Wabunge wa Uganda wanaweza kubadili kifungu hicho cha michango sasa, kampuni zikiwa bado zina fedha za kudaiwa.