Ufa Unaofunga Kinywa Chake

Ndugu mutumikaji, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani, twaa kipande cha waya. Kikunje mara moja: hakivunjiki. Kikunje na kukinyoosha mara nyingi: kinakatika mukononi mwako. Nguvu yako haikuongezeka. Chuma ndicho kilichochoka.

Ni vile vile kwa ekseli ya lori na kwa fimbo ya breki. Muzigo unapanda, unashuka, maelfu ya mara. Fasi yenye kovu, kutu ao iliyochomelewa vibaya, ufa unazaliwa, mwembamba kupita unywele. Kila muzigo unausogeza kidogo. Kadiri unavyorefuka, ndivyo unavyokimbia. Siku moja chuma kilichobaki hakitoshi tena, kinakatika ghafula.

Utasema: «Nilitazama asubuhi, sikuona kitu.» Ulitazama wakati gani? Mashini ikisimama bila muzigo, midomo ya ufa inakutana. Karibu na mwaka 1970, mutaalamu Wolf Elber alionyesha kwamba ufa unaweza kufunga hata mbele muzigo haujaondoka wote, kwa sababu chuma kilichovutwa pembeni ya njia ya ufa hakirudi kama zamani, kinajaza nafasi. Kufunga huko kunapunguza mwendo wa ufa, lakini hakuuponyeshi. Muzigo ukirudi, kinywa kinafunguka na kazi ya kukata inaendelea.

Tarehe 30 Julai 1973, kwenye mugodi wa makaa wa Markham, Uingereza, watumikaji 29 walikuwa wakishuka ndani ya kaje. Fimbo ya chuma ya breki ikakatika kwa uchovu. Kaje ikagonga chini ya shimo. Watu 18 walikufa, 11 waliumia vibaya. Fasi iliyopaswa kuzunguka kwa urahisi ilikuwa nzito, basi kila mara breki ilipofanya kazi fimbo ilikunjwa kidogo. Ni ule waya wetu, ndugu. Na hapakuwa na fimbo ya pili ya kuisaidia.

Maoni yangu ni haya. Osha kwanza, kiisha tazama: matope na grisi vinaficha. Ukiona mustari wa kutu unaotoka kwenye chuma kizima, usipake rangi juu yake, usichomelee kwa siri ili umalize zamu. Simamisha mashini, mwite kapita. Macho hayatoshi kwa fasi zinazobeba watu. Wenye vyombo vya kupima wapime kwa dawa ya rangi, kwa sumaku ao kwa sauti. Na grisi isikose fasi yake: kopo moja la grisi si kitu mbele ya kaburi moja.

Kwenu, wakubwa wa kazi, ninasema pia: mutumikaji anayesimamisha mashini kwa sababu ya ufa si mvivu. Mkimkaripia leo, kesho atanyamaza, na ufa hautanyamaza. Mpeni saa ya kuosha na kutazama. Saa hiyo haikupotea.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta unajengwa tena. Baba wa watoto hajengwi tena.