Si kila kalamu ya zamani inahitaji kipuri

Mwandishi ameeleza vizuri, ila hapo aliposema kalamu ya wino ya zamani haifufuki bila vipuri vya kiwandani, pana la kuongeza. Mzee mmoja wa Kongwa, mkoani Dodoma, anayo kalamu ya Parker 51 aliyorithi kwa baba yake, karani wa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Ilikaa sandukuni miaka mingi, wino umeganda kama lami. Watu wakamshauri aagize vipuri Uingereza. Haikuhitaji hata kimoja! Kuanzia 1948 kiwanda kilianza kuzitia Parker 51 kifuko cha plastiki angavu, na kifuko hicho hudumu mno. Ililowekwa kwenye maji baridi, ikavuta na kutema mpaka yakatoka safi, ikaandika. Na kwa ukavu wa kiangazi cha Dodoma, nibu yake iliyofunikwa ni neema, maana wino haukauki upesi.

Ndugu uliyeuliza hapo juu kuhusu kalamu ya Esterbrook ya babu, hiyo ni habari nyingine. Mpira wake wa wino huoza ukakatikakatika, hivyo lazima uwekwe mpya, ukatwe kwa kipimo na kugandishwa kwa shelaki, ile ya kung'arishia mbao. Tafadhali, mafundi wasiguse supaglu: shelaki hulegea kwa joto dogo, na fundi wa baadaye ataifungua kalamu bila kuivunja. Nibu yenyewe hufunguliwa kwa kuzungushwa tu.