Giaboksi Haijafa: Acheni Kuishusha Kabla ya Kuipima

Gari la manyuali likianza kugoma kuingia gia, hukumu hutoka kabla hata boneti haijafunguliwa: "Giaboksi imekwisha hiyo." Anaitoa fundi, anaitoa dereva, anaitoa jirani aliyesimama pembeni, na mwenye gari anaipokea kama ilivyo. Kesho yake yuko Gerezani au Ilala anaulizia giaboksi ya mtumba. Gari linalala gereji, na kama ni Hiace ya daladala, hesabu ya siku hizo imepotea. Nasema bila kumung'unya maneno: imani hiyo ni potofu, inawanyang'anya watu pesa wasizokuwa nazo, na inaendelea kuishi kwa sababu hakuna anayedai ushahidi.

Gia ngumu ni dalili, na dalili si ugonjwa. Mara nyingi chanzo chake kiko nje kabisa ya giaboksi: kwenye klachi, kwenye nyaya na viungo vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, au kwenye oili. Vyote hivi vinapimika nyumbani, kwenye uwanja ulio sawa, bila mashine na bila kuishusha giaboksi. Anayeruka hatua hiyo na kukimbilia kushusha giaboksi anafanya kazi ya kubahatisha kwa pesa ya mwenzake.

Tuanze na namna gia inavyoingia. Ndani ya giaboksi mna ringi za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Kabla Cadillac haijaleta utaratibu huo kwenye magari yake mwaka 1928, dereva alilazimika kusawazisha mwendo huo mwenyewe, kwa kukanyaga klachi mara mbili na kucheza na mafuta. Ringi hizi zinafanya kazi kwa sharti moja: klachi iwe imeitenganisha kabisa injini na giaboksi. Klachi isipoachia sawasawa, injini inaendelea kuzungusha shafti ya giaboksi wakati ringi inajaribu kuipunguza mwendo. Hapo mkono wa gia unakaza, unapiga kelele, au unakataa kabisa. Giaboksi nzima na salama, lakini inabebeshwa lawama za klachi.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote. Funga breki ya mkono, zima injini, kanyaga klachi mpaka mwisho, kisha pitisha gia zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na rivasi. Gia moja ikigoma mara moja usiitie hatiani. Huenda meno yamekutana ncha kwa ncha. Achia klachi, lisukume gari kidogo, jaribu tena. Baada ya hapo washa injini na urudie zoezi lile lile gari likiwa limesimama. Gia zikipita laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikakaza injini inapowaka, itazame klachi. Zikikaza hali zote mbili, tazama nyaya, viungo na oili. Ikiwa gia moja tu ndiyo yenye shida, tena gari likiwa linatembea, hapo sasa giaboksi yenyewe inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Kipimo hiki hakichukui hata muda wa kunywa chai. Sasa niambie, ni wangapi wamefanyiwa kabla ya kuambiwa watafute giaboksi nyingine?

Ukishajua kwamba tatizo ni klachi, anza na vitu vinavyoonekana kwa macho. Inua kapeti la miguuni. Magari mengi yana kapeti juu ya kapeti, na lile la juu linajikunja chini ya pedali, hivyo mguu unafika mwisho wa kapeti ukidhani umefika mwisho wa klachi. Liondoe kisha ujaribu tena.

Kama klachi ni ya mafuta, kama ilivyo kwa Hiace, fungua boneti utazame kichupa chake. Kwenye baadhi ya magari klachi inachangia kichupa kimoja na breki. Mafuta yakiwa yamepungua, yameenda mahali fulani. Ingia chini, ukiwa umelikalisha gari kwenye stendi imara na kuweka mawe kwenye magurudumu. Jeki peke yake isikubebee uhai wako. Itafute silinda ndogo iliyoshikana na ubavu wa giaboksi, ile inayosukuma uma wa klachi. Ina kofia ya mpira mbele. Ifunue kwa kidole. Ikiwa kavu, sawa. Ikiwa imelowa, na kidole kinatoka na mafuta meusi yanayoteleza, umeshamkamata mwizi: mipira ya ndani imechoka, presha inavuja, na klachi haisukumwi hadi mwisho. Mtu mwingine akanyage pedali huku wewe ukiutazama uma ule. Ukisogea kidogo tu, au ukisogea kisha ukarudi wenyewe pedali ikiwa bado imekanyagwa, hapo ndipo penye ugonjwa. Ningependa kila mwenye gari alione jambo hili kwa macho yake japo mara moja. Akishaliona, hakuna atakayemwambia tena kwamba giaboksi imekufa naye akakubali tu.

Kuna dalili nyingine ambayo madereva wanaijua bila kuielewa. Ukikanyaga klachi mara moja gia inagoma, ukipampu mara mbili tatu inaingia. Mara nyingi huo ni upepo ndani ya mfumo, au silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, imeanza kuchoka. Upepo unatolewa nyumbani na watu wawili, spana, mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa. Mmoja anakanyaga pedali taratibu mara kadhaa kisha anaishikilia chini. Mwingine anafungua skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, mafuta yenye mapovu yanatoka, anaifunga, ndipo pedali inaachiwa. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kichupa cha juu kisikauke hata mara moja. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, na yakidondokea rangi ya gari yaoshwe kwa maji papo hapo, kwa sababu yanaila. Upepo ukirudi baada ya siku chache, ujue kuna mahali panavuja.

Mafuta hayo ya klachi, ambayo ni yale yale ya breki, yawe DOT 3 au DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwenye joto na unyevunyevu wa pwani yetu, kuyaacha humo mpaka yageuke rangi ya kahawa ni kukaribisha kutu ndani ya silinda, na kutu ndiyo inayochana ile mipira. Mwenye gari anayehangaikia oili ya injini bila kukosa, lakini hajawahi kuyagusa mafuta ya klachi, asishangae gia zikianza kukaza.

Kirikuu nyingi, zile Suzuki Carry ndogo zinazobeba mizigo ya sokoni, zinavuta klachi kwa waya. Waya unanyooka, unakatika nyuzi moja moja, au unakauka ndani ya ganda lake. Pedali inakuwa na uchezaji mwingi mtupu juu kabla ya kuanza kuvuta, na mguu ukifika sakafuni klachi haijaachia. Kila gari lina kipimo chake. Uchezaji huo usizidi kipimo hicho. Unarekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa waya. Usiumalize wote, maana klachi isiyo na uchezaji kabisa itateleza na kuungua.

Ikiwa klachi haina kosa, nenda kwenye viungo. Katika magari ambayo dereva amekaa juu ya injini, mkono wa gia uko mbali na giaboksi, na kinachoviunganisha ni nyaya ndefu au vyuma vinavyopita chini ya sakafu, kwenye matope, vumbi na maji ya mvua. Bushi zinakwisha, maungio yanashika kutu, grisi inageuka udongo. Chomoa waya upande wa giaboksi, kisha uvute mkono wa gia peke yake. Ukikaza, ubaya uko kwenye waya. Halafu chezesha kwa mkono kile chuma cha kwenye giaboksi: kikisogea laini, giaboksi yako ni nzima, na unachohitaji ni waya, bushi au grisi mpya. Tofauti ya gharama kati ya bushi na giaboksi kila mtu anaijua.

Inabaki oili, na hapa ndipo uzembe wetu unapoonekana zaidi. Kuna magari yamenunuliwa, yametumika na kuuzwa tena bila oili ya giaboksi kubadilishwa. Mengine yamejazwa oili ya difu, nzito ya 85W-140, wakati mtengenezaji aliagiza 75W-90. Wapo wanaofanya hivyo makusudi, ili giaboksi inayolia inyamaze mpaka mnunuzi aondoke. Oili nzito mno inazikaza gia, hasa asubuhi yenye baridi. Mtu wa Njombe au Makete mwezi wa Julai atakwambia. Hata alama ya GL-4 na GL-5 ina uzito, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zisizopatana na ringi za shaba za giaboksi fulani. Fuata kitabu cha gari lako, si mazoea ya duka. Na unapobadilisha, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Anayemwaga kwanza, halafu akakuta nati ya juu imeshika kutu, atabaki na giaboksi tupu. Oili inayotoka isome: uji laini kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida, vipande vya meno ni habari mbaya, unga mwingi unaometameta rangi ya dhahabu ni ringi zinaliwa.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu tiba ya uongo inaonekana kufaulu. Giaboksi inaposhushwa na nyingine kupandishwa, mengi yanatengenezwa njiani bila mtu kuyataja. Klachi inabadilishwa kwa kuwa iko wazi. Upepo unatolewa kwa kuwa bomba limefunguliwa. Nyaya zinapangwa upya na kupakwa grisi. Oili mpya inawekwa. Gari linatoka na gia laini, mwenye gari anafurahi, na sifa zote zinakwenda kwa giaboksi ya mtumba ambayo hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Ile yake ya zamani, ambayo huenda ni bora kuliko hiyo mpya, inabaki gereji kusubiri mteja mwingine atakayeambiwa yake imekwisha. Kwa njia hiyo kosa linajithibitisha lenyewe, na kila aliyelipia anageuka shahidi wake.

Najua nitajibiwa kwamba mwenye gari si fundi, na akigusa ataharibu. Sikubaliani. Simwambii mtu apasue giaboksi jikoni kwake. Kupitisha gia injini ikiwa imezimwa hakuharibu chochote. Kuinua kapeti, kutazama kichupa na kufunua kofia ya mpira hakuhitaji cheti. Kinachoharibu ni kuzilazimisha gia kwa nguvu miezi kadhaa kwa kuogopa gharama ya gereji, mpaka ringi zilizokuwa nzima zinaisha kweli. Hofu ya kugusa ndiyo inayoua giaboksi.

Nitajibiwa pia kwamba nawadharau mafundi. Fundi mzuri ndiye wa kwanza kufanya haya ninayoyasema. Anakaa kwenye kiti kabla ya kuingia chini, anauliza, anajaribu, anakuonyesha. Imani hii inamwumiza hata yeye, kwa kuwa anayepima anaonekana mwoga, na anayetamka "imekwisha" kwa sauti kubwa anaonekana mjuzi.

Zipo giaboksi zinazokufa kweli. Gia ya pili ikikwaruza kila unapoiingiza gari likitembea wakati klachi ni nzima, gia ikichomoka yenyewe, au beringi zikilia na vipande vya chuma vikitoka kwenye oili, ishusheni. Hata pleti ya klachi, presha pleti na rilizi beringi haziguswi bila kuishusha. Lakini kuishusha ili kubadilisha klachi ni jambo moja, na kununua giaboksi nyingine ni jambo jingine. Mwenye gari ana haki ya kujua analipia lipi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe unayemiliki Hiace, Kirikuu au gari la familia, andika tarehe ulipobadilisha oili ya gia na mafuta ya klachi. Gia zikikaza, pima kabla ya kumwita mtu, na uende gereji ukiwa na majibu. Ukiambiwa giaboksi imekwisha, uliza imepimwaje, injini ikiwa imezimwa gia zilipitaje, uma wa klachi ulisogea kiasi gani, na oili ilitoka na nini. Asiye na majibu ya maswali hayo usimkabidhi ufunguo.