Isikilize Injini Kabla Haijanyamaza

Safari ya kutoka Mwanza mjini kwenda Bujora si ndefu. Ni kilomita zipatazo 20 kwa barabara ya Musoma hadi Kisesa, kisha mtu huiacha barabara kuu na kukikwea kilima hadi kwenye makumbusho ya Wasukuma. Jirani yangu mmoja alifunga safari hiyo Jumapili moja pamoja na mkewe na watoto wao wawili, ili watoto wakazione ngoma za watemi. Hawakufika. Pikapu yao ilikwama njiani, na injini haikugeuka tena.

Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikichukua dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, siku za kazi. Kwa majuma mawili ilikuwa ikitoa mlio mzito wa ko-ko-ko kila ilipokuwa imesimama huku injini ikinguruma taratibu, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensa. Mkewe aliutaja mlio huo mara mbili. Naye kila mara alijibu kwamba gari limezeeka, na kwamba likiondoka kelele hupotea. Fundi alipoifungua injini, alikuta oili imepungua mno na beringi za krenki zimelika. Akiba ya kununulia bati za nyumba ikaishia gereji.

Kosa la jirani yangu lilikuwa moja: alidhani kelele inayopotea gari likitembea si ugonjwa. Kwa hakika kelele hiyo haikupotea, ilimezwa na ngurumo ya mwendo. Katika sailensa injini nyingi huzunguka mara 600 hadi 900 kwa dakika. Pampu ya oili nayo huenda polepole, hivyo msukumo wa oili huwa mdogo kuliko wakati mwingine wowote. Beringi iliyolika huanza kulalamika hapo.

Basi, yafaa kila mwenye gari ajue kusikiliza. Liegeshe mahali tambarare na pa wazi, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Kamwe usiiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Kanga, mikono mipana ya shati na nywele ndefu vikae mbali na feni na mikanda.

Kabla ya yote, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imepungua, ongeza ya aina ileile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kisha utafute inakovujia. Walakini, ikiwa taa nyekundu ya oili inawaka katika sailensa, au mlio ni mzito na unatoka chini ya injini, zima mara moja. Usiliendeshe gari hata hadi gereji, livutwe. Tena usikubali kumiminiwa oili nzito ili kelele ipungue. Huko ni kumziba mgonjwa mdomo.

Oili ikiwa sawa, tafuta mahali mlio unapotoka. Chukua kipande cha mpira wa maji, weka ncha moja sikioni, na ya pili isogeze huku na huku, mbali na vitu vinavyozunguka.

Mlio mwepesi wa tik-tik juu ya injini aghalabu ni wa valvu. Katika injini zenye tapeti za kurekebishwa, fundi hurekebisha nafasi zake kwa kipimo, na kazi hiyo si ghali kama kufungua injini nzima. Mlio kama huo ukisikika asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ukapotea ikipata moto, huenda moshi unavuja pale bomba linapoungana na injini; chuma kikipanuka, ufa hujifunga.

Mlio mkali wa kulia kama filimbi huwa wa mkanda uliolegea au uliochakaa. Mkwaruzo usiokoma upande wa mikanda huonyesha beringi ya altaneta au ya pampu ya maji. Usiidharau pampu hiyo, kwani ikifa, injini huchemka. Mtetemo wa bati chini ya gari mara nyingi ni kinga ya joto ya bomba la moshi iliyolegea, na bano moja laweza kumaliza kazi.

Gari la gia za mkono lina kipimo kingine. Kanyaga klachi. Kelele ikizuka unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ikinyamaza unapokanyaga, shuku beringi ya ndani ya gia boksi.

Ufikapo kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari lina kelele. Mweleze ilianza lini, ni nzito au nyepesi, hutokea injini ikiwa baridi au moto, na huongezeka kasi ukikanyaga mafuta au la. Maelezo hayo humwokolea fundi saa, nawe hukuokolea fedha za vipuri visivyohitajika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jirani yangu anaujenga ukuta huo hadi leo, kidogo kidogo. Watoto wake walikwenda Bujora mwezi uliofuata, wakaziona ngoma walizoahidiwa. Walikwenda kwa daladala. Siku hizi, mkewe akisema anasikia kitu, jirani yangu huzima redio na kusikiliza.