Kocha wa Dola Moja na Kocha wa Bure

Neno kocha limezoeleka vinywani mwetu hivi kwamba aghalabu hatujiulizi lilikotoka. Waingereza walilipata, kwa kupitia lugha nyingine za Ulaya, kutoka kijiji cha Kocs kule Hungaria, ambako yaliundwa magari ya kukokotwa na farasi. Katika miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford waligeuza neno hilo kwa utani likawa jina la mwalimu wa pembeni aliyembeba mwanafunzi mzito hadi akauvuka mtihani. Viwanja vya michezo viliazima neno hilo baadaye. Kocha basi, kwa asili yake, ni mwalimu wa chuo. Ndiyo maana mimi, ambaye kazi yangu ni isimu na ambaye sijawahi kushika gongo la besiboli, nathubutu kusema machache kuhusu makocha wa mchezo huo katika vyuo vya Marekani.

Wapenzi wa besiboli hawaachi kumsimulia Rod Dedeaux. Huyu alifunza timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles, kuanzia 1942 hadi 1986. Alitwaa ubingwa wa vyuo vyote vya taifa hilo mara 11, zikiwamo mara tano mfululizo kati ya 1970 na 1974, na mikononi mwake walipita vijana kama Tom Seaver na Randy Johnson, ambao baadaye walitikisa ligi kuu. Lakini jambo linalosimuliwa kwa mbwembwe kuliko yote ni mshahara wake: dola moja kwa mwaka. Tazameni mapenzi ya kazi, husema wasimulizi. Tazameni mwalimu mwenye wito!

Wasimulizi hao hupitia mbio jambo la pili, kwamba Dedeaux alikuwa na kampuni ya malori ambayo aliijenga mwenyewe hata ikamtajirisha. Simlaumu hata chembe. Mtu mwenye chake ana hiari ya kuwapa vijana jioni zake. Ninachokikataa ni kuifanya dola yake moja kuwa kipimo cha wasio na lori hata moja.

Maana kipimo hicho kilipata kuwa sheria. Kwa miongo kadhaa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliiruhusu timu ya daraja la kwanza kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili wa kulipwa, na mmoja wa kujitolea. Huyo wa nne hakuruhusiwa kulipwa mshahara hata kama chuo kilitaka kumlipa. Msomaji, hapo pazingatie: hakunyimwa kwa sababu hazina ilikuwa tupu, bali vyuo vilikuwa vimekubaliana kwamba asilipwe. Naye alifanya kazi gani? Alifika uwanjani alfajiri, akafunza upigaji au urushaji, akasafiri na timu, akarejea usiku. Riziki yake aliitafuta kwenye kambi za likizo za kuwafunza watoto. Alivumilia kwa kuwa huo ulikuwa mlango wa kuingilia kazini, na asiyeweza kuishi mwaka mzima bila mshahara aliachwa nje. Hivyo ngazi ya taaluma ilikatwa kidato cha chini kabisa, kisha wenye mamlaka wakastaajabu kwamba wapandao ni wale waliotoka nyumba zenye uwezo.

Jaribio jingine la aina hiyo lilikuwa limekwisha kuanguka mahakamani. Mnamo 1992 NCAA iliweka kikomo cha dola 16,000 kwa mwaka kwa baadhi ya makocha wasaidizi. Walishtaki, mahakama ya rufani ikawapa haki mnamo 1998, na mwaka uliofuata ukafikiwa mwafaka wa dola milioni 54.5. Ungedhani somo lingeingia. La hasha! Cheo cha kujitolea kiliendelea hadi Julai 1, 2023, kilipofutwa, tena baada ya makocha wa besiboli kufungua kesi, na kesi hiyo ikamalizwa kwa ahadi ya dola milioni 49.25.

Kuna wanaosema kwamba taabu ya mwanzo hulipwa na utukufu wa mwisho. Hebu tumwangalie Mike Martin wa Florida State. Kutoka 1980 hadi 2019 alishinda michezo 2,029, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa daraja la kwanza aliyekuwa ameifikia. Hakuna msimu hata mmoja kati ya 40 ambao timu yake ilishinda michezo chini ya 40. Aliifikisha kwenye fainali za Omaha, jimboni Nebraska, mara 17. Kombe hakulipata. Hadi alipofariki mwaka wa 2024, kila aliyeandika habari zake alilitaja kombe hilo alilolikosa, mithili ya mtahini anayeusoma ukurasa wa mwisho wa daftari tu. Mimi namhesabu miongoni mwa walimu wakubwa wa mchezo huo, na asiyekubali na anieleze ni kazi gani nyingine ambayo miaka 40 ya ufanisi huitwa upungufu.

Mnamo Oktoba 2025 klabu ya San Francisco Giants ilimwajiri Tony Vitello, kocha wa Tennessee aliyetwaa ubingwa wa 2024, awe meneja wake, ilhali hakuwa amewahi kucheza wala kufunza katika besiboli ya kulipwa. Alikuwa amepanda kwa usaidizi huko Missouri, TCU na Arkansas. Naam, ufundishaji wa chuoni umeanza kuheshimiwa kuwa ujuzi kamili.

Walimu wa hapa kwetu wanaujua vyema wimbo wa wito. Huimbwa kila wanapodai haki yao, na wahadhiri wa vibarua huimbiwa beti zake zote. Kwa hiyo nayatazama mageuzi ya 2023 kwa jicho la mtu anayehusika. Kanuni mpya inavipa vyuo ruhusa ya kumlipa kocha wa nne, lakini haisemi alipwe kiasi gani. Chuo chenye uwanja wa mamilioni bado kinaweza kumtupia kijana huyo makombo na kusema kimetii sheria.